Sikukuu Moshi, marejesho Kimara

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 11, 7 na 4, naishi Kimara. Mume wangu ni dereva wa kampuni, mimi ni fundi cherehani. Kila Desemba tunapanda kwenda kwao Moshi. Kaka yake ana kazi nzuri na watoto wake huja na vitu vya bei. Mwaka juzi wetu walikuja na nguo tu. Mume wangu aliumia sana, akasema watoto wake hawatakuwa watazamaji kwenye uwanja wa babu yao. Mwaka jana tukatumia 780,000: baiskeli ya mkubwa 250,000, gari la rimoti na mdoli 110,000, nguo na viatu 420,000. Nguo nilinunua Kariakoo ingawa nashona mwenyewe, maana za dukani zinaonekana. Baiskeli tuliilipia mzigo kwenye basi. Wakati wa kurudi basi lilijaa, ikabaki kwa babu.*

*Asichojua mume wangu ni kwamba 400,000 nilikopa kwenye aplikesheni ya simu. Nilimwambia ni hela za wateja. Nimelipa mpaka mwisho wa Februari, jumla 590,000, na nilipochelewa walimtumia meseji mdogo wangu na mteja wangu mmoja kwamba mimi ni tapeli. Mkubwa, anayesoma shule ya kulipia, alirudishwa nyumbani kwa ada ya 350,000. Sasa baba yao anasema mwaka huu mkubwa apate tableti, "mbona mwaka jana tuliweza". Shangazi, mzazi anatakiwa atumie shilingi ngapi kwa zawadi za sikukuu? Na nikikataa, si nitawaumiza watoto?*

*Mama Cherehani, Kimara*

Marahaba mwanangu.

Swali lako la shilingi ngapi nitalijibu kwa tarakimu, usidhani nalikwepa. Ila kwenye barua yako kuna maneno umeyapitisha haraka, na mimi nimekwama hapo hapo: "mbona mwaka jana tuliweza". Mumeo hajakosea. Kwa anachokijua yeye, mliweza. Aliona laki saba na ushee zinatoka, watoto wakapendeza, mkarudi salama. Mtoto aliporudishwa kwa ada ulimpa baba yake sababu gani, unajua wewe. Kwa hiyo hata nikikupa kiasi leo ukampelekea, atakishinda kwa hesabu ya mwaka jana, na huna cha kumjibu kwa sababu jibu umelificha mwenyewe.

Kwa hiyo anza na huo mkopo. Mwambie. Usisubiri wiki ya kukata tiketi na usiseme mkiwa Moshi. Mwambie kabla mshahara wa Novemba haujaingia, watoto wakishalala, simu ikiwa mkononi na zile meseji za malipo zikiwa wazi, azione tarehe na kiasi. Usianze na "wewe ndiye ulinisukuma", hata kama unaona ni kweli. Sema ulikopa, sema umelipa ngapi, sema ada ilikwama kwa sababu hiyo. Atakasirika. Mwache akasirike, hela ilikuwa ya nyumba na yeye ni wa nyumba hiyo. Ukiona hamuwezi kulimaliza wawili, waiteni wasimamizi wenu wa ndoa. Hawakuwekwa kwa ajili ya kupiga picha kanisani tu. (Na kama unamwogopa kwa mkono wake na siyo kwa hasira zake, hilo ni jambo lingine, na usilianzishe mkiwa peke yenu.)

Kuhusu hao waliokukopesha, jua kabisa ulikuwa umeingia wapi. Watu wanaiita mikopo ya kausha damu na hawajakosea jina. Kiwango ambacho Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo ni riba isiyozidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 400,000, hata tukisema umekaa nayo miezi mitatu kamili, riba ni 42,000. Wewe umelipa 190,000 juu. Na hilo la kuwatumia ndugu na wateja meseji za kukudhalilisha ndilo lililopigiwa kelele nchi nzima, mpaka Novemba 2024 Benki Kuu ikatangaza orodha ya aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni. Tafuta kama yako imo. Ukishamaliza, ifute kwenye simu, maana mwezi wa Desemba ndio wanaokutumia "umestahili mkopo mkubwa zaidi", na wewe ukisoma hiyo usiku wa manane huku tableti inakusubiri, najua utakachofanya.

Sasa hesabu. Desemba ya fundi cherehani inadanganya, na wewe ni wa kwanza kujua. Magauni ya sikukuu yanakuja kwa fujo, wiki ya kwanza ya Januari zinakuja sare za shule, halafu kimya mpaka Pasaka au Idi, ipi itakayotangulia. Na hapo katikati, wakati wenzako wanashona sare, wewe uko Moshi unakula mtori. Hela ya Desemba inabidi ikulishe mpaka Februari. Ukiihesabu kama mapato ya mwezi mmoja, utaona una uwezo ambao huna.

Hukuniandikia mapato yenu, kwa hiyo nakisia. Badilisha namba zangu uweke zako. Tuseme cherehani inaleta 600,000 Desemba, mshahara wa baba 450,000, na kampuni ikiwa na huruma inamwongezea 150,000. Ni milioni moja na laki mbili. Toa ada ya awamu ya kwanza, 350,000, na hiyo usiiweke kabatini, nenda kailipe benki kabla ya safari, urudi na risiti. Toa sare, viatu vya shule na madaftari; hata aliyeko shule ya serikali, ambako hakuna ada, haendi na miguu mitupu wala bila daftari. Weka 120,000. Nauli ya watu watano kwenda na kurudi, weka 400,000. Imebaki 330,000. Mchango wenu kule nyumbani, nyama, sukari, kitenge cha mama mkwe, weka 100,000. Chakula cha siku mtakazorudi mkiwa hamna kitu mpaka mshahara, weka 120,000.

Imebaki 110,000. Hizo ndizo zawadi za watoto watatu, nguo zikiwemo.

Najua umeguna. Lakini angalia vizuri kilichokula hela mwaka jana: si baiskeli, ni nguo na viatu, 420,000, na wewe ndiye fundi. Watu wa Kimara wanakuamini na sherehe zao, halafu wanao unawavalisha za Mtaa wa Kongo kwa sababu "zinaonekana". Zinaonekana na nani? Kitambaa cha watoto watatu hakikumalizii 40,000, na unajua vipande vilivyobaki kwenye kazi za wateja vinatoa nini. Shona. Na kwa mara moja, washonee saizi zao. Hii tabia ya kuwanunulia kubwa ili mwakani iwafae inamfanya mtoto asherehekee mwaka mzima akiwa amekunja mikono ya shati. Viatu vya shule viwe vile vile vya sikukuu, vipya, vyeusi, vimeng'arishwa. Zitabaki kama 70,000 za vitu vya kuchezea.

Umeniuliza kama utawaumiza watoto. Huyo wa miaka 4 hana habari na bei. Mpe mpira, atalala nao. Wa 7 atafurahia atakachopewa ikiwa kimefungwa na jina lake limeandikwa juu. Watoto wa Unguja siku ya Idi wanapita nyumba kwa nyumba kuchukua mkono wa Idi, kwa huyu kidogo, kwa yule kidogo, jioni wanakwenda kuzimaliza Mnazi Mmoja kwenye viwanja vya sikukuu, na hakuna anayekumbuka nani alitoa nyingi.

Wa miaka 11 ndiye wa kuongea naye, na aongee naye baba yake. Msimwambie "tutaona". Kwa mtoto, "tutaona" ya mzazi ni ahadi, ataibeba mpaka tarehe 25. Mwambieni: mwaka huu hatununui tableti, tunalipa ada yako kabla hatujasafiri. Asimwambie kwamba hela hakuna, maana ataona mnanunua nyama na atawaona waongo. Na msimtaje baba yake mkubwa wala watoto wake. Anaweza kununa siku mbili. Lakini mtoto wa umri huo aliyewahi kuitwa jina mbele ya darasa akarudishwa nyumbani na begi lake, anajua aibu ipi ni kubwa kati ya hiyo na kukosa tableti. Muulizeni mwenyewe.

Nirudi kwa mumeo, maana simdharau. Desemba ya Uchagani ni mizani. Mwanaume anayerudi kwao anatazamwa kuanzia anaposhuka kwenye gari, na kuwa mdogo wa mtu mwenye nazo si raha. Lakini wazee wa kule wanamtazama kwa mambo gani? Wanatazama kama mchango wake wa mbuzi umefika, umefika mapema na umefika kamili, au kama anasubiri kaka yake alipe halafu yeye aje na mdomo. Ndiyo maana ile 100,000 sikuigusa. Aitume mwanzoni mwa Desemba kwa baba yake mwenyewe, siyo kupitia kwa kaka. Hapo atashuka kwenye basi shingo ikiwa imesimama, hata mtoto wake akiwa na mpira tu.

Baiskeli ile ndiyo iliyonionyesha ilinunuliwa kwa ajili ya nani. Mtoto anaishi Kimara, baiskeli inaishi Moshi. Laki mbili na nusu, pamoja na nauli ya mzigo, aiendeshe wiki moja kwa mwaka huku watu wazima wakitazama. Basi mwaka huu zawadi zitolewe Kimara, sebuleni kwenu, kabla hamjasafiri. Watoto wafungue, wacheze, kilichovunjika kivunjike huko huko. Moshi waende na nguo zao na miguu yao. Huko kuna mashamba ya kukimbilia, kuna binamu, na baiskeli bado ipo, wajaze upepo. Zawadi isipofunguliwa uwanjani kwa babu, haiwezi kushindanishwa na ya mtu. Hili mumeo anaweza kulikubali haraka kuliko unavyodhani, kwa sababu halimwambii yeye ni maskini. Linamtoa tu kwenye mashindano.

Mke wa shemeji yako atauliza, nakuhakikishia, tena mbele ya mama mkwe: "Mwaka huu watoto hawajaletewa kitu?" Mjibu, "Walishapewa nyumbani, mama," halafu muulize kama maharage ya kwake yameiva vizuri msimu huu. Usieleze, usihesabu, usichekeche maneno. Akirudia, inuka ukatazame sufuria.

Tiketi za kurudi zikate pamoja na za kwenda, siku ile ile, na risiti iwe na nauli iliyoandikwa. Mawakala wa mwanzo wa Januari hawana mshipa wa aibu, na anayefika stendi bila tiketi huwa analipa kwa hela ya sare.