Kazi ya kung'arisha magari ilivyonituliza, na kwanini sioni haya tena

Juzi kuna dogo wa Makorora, hapa Tanga, kaniandikia inboksi, anasema kaka mi naosha magari huku Kange karibu na stendi, lakini nikimuona mtu niliyesoma naye najificha nyuma ya gari mpaka apite, nifanyeje na mimi niipende hii kazi kama wewe. Nikataka nimjibu mistari miwili niendelee na shughuli zangu, nikashindwa. Najua mko wengi. Mnaosha, mnapiga polishi, mnatamani siku moja muwe na sehemu yenu yenye paa na taa nzuri na wateja wanaopiga simu kuweka nafasi, alafu mkiulizwa kwenu mnafanya kazi gani mnasema nipo nipo tu. Dogo hili ni lako na ni la hao wote.

Mi nilianza na hasira. Nimesoma uhasibu Dar, nikapata kazi, kazi ikaisha, nikarudi nyumbani Chumbageni na begi na cheti. Usiku silali, mchana sitaki kuonana na mtu, nikisikia honi nje nadhani ni mtu kaja kuniuliza narudi lini Dar. Jirani mwenye sehemu ya kuoshea magari akaniambia bora uje ushike brashi kuliko kukaa ndani, nikaenda ili tu nitoke pale barazani. Kipindi hicho kukawa na harusi ya familia Ngamiani, baba mdogo anawatambulisha watoto kwa wageni, huyu yupo bandarini, huyu mwalimu Muheza, huyu nesi Bombo, akanifikia mimi akanishika bega akasema "na huyu yupo". Basi, akapita. Sikula ule wali. Nimeshamsamehe kwa mdomo lakini nikiri tu kwamba ile "yupo" bado naisikia mpaka leo.

Sasa kilichonitoa pale sio maneno ya mtu, ni boneti ya gari jeusi. Fundi mmoja wa Mombasa alikuwa anapita Tanga kwa shughuli zake, ndo wa kwanza kunionyesha mashine ya kupolishia inavyoshikwa, mengine nikayatafuta mwenyewe YouTube usiku bando likiwa rahisi. Ile kazi haitaki haraka kabisa. Unaligawa boneti vipande vya kama futi mbili kwa mbili, unaweka kompaundi kidogo, ile dawa ya kusugulia mikwaruzo, unapita kwa ulalo, unarudi kwa wima, mkono haukandamizi, mashine inalia mlio ule ule. Ukianza kuwaza deni mkono unakimbia, ukikimbia kile kipande kinabaki na ukungu na inabidi ukirudie, kwaiyo kazi yenyewe ndo inakushika sikio inakurudisha. Siku ile nilipoinua kichwa alasiri ilikuwa imeadhiniwa na sikuwa nimeiwaza Dar hata kidogo. Usiku nikalala.

Na msidhani utulivu unakuja ukishapata mashine. Unaanzia kwenye maji. Gari ya Tanga inateswa jamani, upepo wa bahari pale Raskazone una chumvi, ukitoka barabara ya vumbi unarudi na mchanga hadi kwenye mpira wa mlango, gari za upande wa Pongwe zinakuja na vumbi la simenti. Ukichukua tambara kavu ukafuta hilo vumbi umeshaichora rangi. Kwanza maji ya presha, uchafu mkubwa udondoke wenyewe. Anza na matairi na ringi kwasababu ndo kuchafu kuliko kote, alafu paa, ushuke chini. Ndoo mbili, moja ya shampuu moja ya maji matupu ya kusuuzia glavu ya kuoshea, kila ukimaliza upande unasuuza mchanga ubaki kule. Sabuni ya unga ni ya nguo, inaondoa nta yote ya kwenye rangi, na dizeli mnayopaka matairi yang'ae inakula mpira. Fanyeni kivulini. Maji ya visima vyetu vya pwani mengi yana chumvi na chokaa, yakikauka juani yanaacha madoa ambayo shampuu haiyatoi, kwaiyo suuza ya mwisho mi natumia maji ya bomba haya ya kutoka bwawa la Mabayani au ya mvua, na nakausha hapo hapo.

Haya mambo yanachosha kuyasema lakini yanafanya kazi.

Kuhusu fahari, hapo nataka mnisikilize sana. Kuna ujanja kwenye hii kazi, ukipiga polishi yenye mafuta mengi mikwaruzo inajificha, mteja anaona kioo, analipa, baada ya kuosha mara kadhaa yote inarudi. Wanaofanya hivyo ni wengi na wanapata hela. Mi nikimaliza kipande nakifuta na spiriti niliyoichanganya na maji, yale mafuta yanatoka, alafu namulika na tochi kwa pembeni. Kama mikwaruzo ipo naiona mimi kabla ya mteja. Kama haipo, haipo kweli. Hiyo dakika ya tochi ndo fahari yangu yote, hakuna baba mdogo pale, hakuna wa kukusifia, ni wewe na kazi yako imekaa wazi.

Wiki iliyopita mzee mmoja wa Sahare kaniletea Peugeot 504 yake, ya bluu, kaitunza tangu enzi anafanya kazi kwenye mkonge. Rangi imepauka kabisa imekuwa na unga mweupe. Nikamwambia shikamoo mzee, kabla sijagusa nikueleze, gari yako ina rangi ya zamani, haina ile klia ya juu, lile tabaka angavu la kulinda rangi, kwaiyo nikianza kupolishi utaona tambara linageuka bluu, usiogope, hiyo ni ngozi iliyokufa inatoka. Gari za sasa zina klia, nayo ni nyembamba kuliko unywele, ukikandamiza hovyo unaitoboa na hakuna dawa zaidi ya kupaka upya. Ile ya mzee niliipigia kwa mkono sehemu za kona zote, nikabandika tepu kwenye mipira na nembo, akavuta kiti akakaa ananiangalia siku nzima hasemi kitu. Jioni bluu ilivyotoka, bluu yenyewe, akazunguka gari taratibu, akagusa mlango, akaniambia "mwanangu, una kazi". Nilienda nyuma ya tanki la maji nikanawa uso.

Kwaiyo dogo unaniuliza nifanyeje niipende. Hutaipenda ukiwa unaifanya ili imalizike. Mtu anayekimbiza magari mengi kwa siku anachoka mwili na kichwa kinabaki na kelele zile zile, naongea ninachokijua. Chagua kitu kimoja kwenye kila gari ukifanye kikamilike hata kama mteja kalipa buku tano, labda vioo tu, labda taa za mbele, usimwambie, fanya. Na jamani acheni kujidharau mbele za watu. Anayekuuliza unafanya nini mjibu natunza rangi za magari, mwangalie machoni. Heshima haiombwi harusini. Mungu kakupa mikono tulivu, wangapi wamelala hospitali wanaitamani hiyo mikono, na wewe unaificha nyuma ya Noah!

Mtanyanyaswa bei, hilo lipo. Mteja ataona siku nzima kwenye boneti atasema mbona pale kwingine wanaosha kwa elfu kadhaa tu, muonyeshe na tochi, akielewa sawa, asipoelewa mwache aende kwa amani na usishushe.

Pa kuanzia ni hapa. Usinunue mashine sasa hivi. Nunua shampuu ya gari, ndoo ya pili, glavu na vitambaa vya maikrofaiba, vifue peke yake bila kuchanganya na taulo za pamba na usitie Comfort ya kulainishia nguo maana inavifanya visinyonye maji. Kitambaa kikidondoka chini hakigusi rangi tena siku hiyo. Pita gereji waombe boneti bovu la gari iliyogongwa, huwa wanatupa tu, hilo ndo la kujifunzia hata ukiitoboa klia hakuna anayekudai. Taa zilizopauka ndo zinazoleta hela haraka, msasa wa maji namba 800 kama zimechoka sana, kisha namba laini zaidi, 1500, 2000, 3000, alafu polishi, na lazima umalizie na kinga ya jua la sivyo zinarudi njano haraka na mteja harudi. Jumamosi asubuhi huwa sina oda nyingi, njoo Chumbageni tushike hilo boneti pamoja, mashine yangu utaitumia.