Rifa (kontena la baridi) haigandishi samaki: maneno kwa mlioanza kupakia mwaka huu

Wiki iliyopita nilisimama kwenye mlango wa kupakilia nikimtazama kijana mmoja, mwenye bidii kweli, akielekeza bunduki ya kupimia joto la juu kwenye katoni ya minofu ya mputa (sangara). Ikasoma nyuzi -18. Akaandika -18, akatia tiki, akampungia dereva arudi nyuma. Nikamwomba asubiri kidogo. Tukafungua katoni ileile, tukatoboa bonge la minofu katikati kwa drili, tukachomeka kipimo, tukangoja namba itulie. -11. Kijana alishtuka. Mimi nilinyamaza, maana kosa hilo tunajuana nalo tangu zamani. Basi nimeandika haya kwa ajili yake na kwa wenzake wote.

1. Rifa haigandishi, inatunza. Mashine ya kontena imepewa nguvu ya kuondoa joto linalopenya kutoka nje. Haikupewa nguvu ya kunyonya joto lililomo ndani ya tani 24 za samaki. Tena mzigo wa kugandishwa tunaupanga kwa kubana, hewa inapita sakafuni chini ya mzigo, inapanda pembeni na kurudi juu. Haipiti katikati ya katoni. Samaki aliyeingia na joto lake tumboni atasafiri nalo siku nyingi.

Nalijua hili kwa sababu niliwahi kupakia mzigo wa namna hiyo mimi mwenyewe. Ulikuwa mwaka wangu wa pili, kwenye kiwanda kimoja kando ya ziwa. Umeme ulikatika usiku, jenereta ikagoma, blasti, yaani chumba cha kugandishia, ikalala kwa muda wa karibu saa tano. Kulipokucha kioo cha kusomea joto la blasti kilikuwa kimesharudi -35, na mimi nikatosheka na kioo. Gari lilikuwa uani tangu alfajiri, dereva ananung'unika, na meli Mombasa ilikuwa na siku yake ya mwisho ya kupokea mizigo.

Kulikuwa na mama mmoja wa chumba cha kufungashia, sote tukimwita Hajati. Alikuwa kazini tangu kabla ya mwaka 1999, ule mwaka Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumiwa kuvulia, na aliwahi kukaa nyumbani bila mshahara kwa ajili hiyo. Asubuhi ile alichukua mabonge mawili, akayagonganisha mbele ya uso wangu. Bonge lililoganda sawasawa hulia kama vigae viwili. Yale yalitoa mlio mfu, kama gogo bichi. Akaniambia, "Mwanangu, hawa hawajaiva." Hilo ndilo neno lake, kuiva, na hadi leo sijapata lililo bora zaidi.

Nikamjibu, "Hajati, gari linangoja." Drili ilikuwa kwenye droo ya meza yangu, hatua kama kumi na mbili kutoka pale tuliposimama. Sikuifuata. Nilichukua fomu nikaandika -18 katika mistari yote sita, mwandiko mmoja, kalamu moja, nikatia sahihi yangu chini. Sikuwa nimepima hata bonge moja.

Kontena likaenda zaidi ya kilomita 1,100 hadi Mombasa mashine ikinguruma bila kupumzika. Kirekodi cha joto kilichokuwa ndani kiliandika kila kitu: hewa inayorudi kwenye mashine -9, kesho yake -9, keshokutwa -10. Baharini ikashuka taratibu mpaka ikafika -18, na mtu asiyejua angesema mambo yamekwenda vizuri. Lakini samaki anayepita kati ya -1 na -5 polepole hutengeneza chembe kubwa za barafu, nazo hukata nyama kutoka ndani. Picha za mnunuzi zilipofika, niliziangalia nikiwa nimesimama nikalazimika kukaa. Katoni za chini zilikuwa zimebonyea, mabonge yameshikana kama mikate iliyookwa pamoja. Mnofu uliyeyushwa kwenye sahani, pembeni yake dimbwi la maji, na nyama yenyewe imelegea kama sifongo. Kanuni ya Ulaya namba 853 ya mwaka 2004 inataka samaki waliogandishwa wakae -18 au chini yake katika kila sehemu ya mnofu, na safarini inavumilia kupanda kwa muda mfupi tu, tena kusizidi nyuzi 3. Sisi tulikuwa nje ya mstari kwa siku kadhaa.

Watu wa bima waliweka chati ya kirekodi upande huu na fomu yangu upande ule. Hawakuhitaji kuuliza swali. Bei ilikatwa, hasara ikaingia kwa kiwanda. Kilichoniuma zaidi ni barua ya mnunuzi. Hakulalamika juu ya samaki. Aliandika kwamba karatasi zetu hawezi kuzitegemea tena, na kwa miezi kadhaa kila kontena letu likifika mabonge yake yalitobolewa kupimwa, hata yale yaliyopakiwa na wenzangu waaminifu. Hajati hakunikumbusha hata siku moja. Alinisalimia kila asubuhi kama kawaida, na salamu yake ilikuwa nzito kuliko barua ile.

2. Kwa hiyo toboeni. Bonge la chini, la katikati na la juu kwenye kila rundo, drili na kipimo vikiwa vimelala chumba baridi. Kila Jumatatu kipimo kitumbukizwe kwenye maji ya barafu: kisiposoma 0, kiwekwe pembeni. Na namba mliyoiona ndiyo muiandike, hata ikiwa ya aibu. Kontena lililochelewa linapata meli nyingine.

3. Zimeni mashine mlango ukiwa wazi. Jamani! Hewa ya Kampala msimu wa mvua ina maji tele, ikivutwa ndani inakwenda kuganda kwenye koili (mabomba ya baridi ya mashine), na koili ikijaa barafu hewa haipiti. Niliwahi kumkuta kijana amewasha rifa tangu saa kumi na mbili asubuhi, milango wazi, ili "iwe baridi tayari". Alikuwa ametandika jaketi lake sakafuni ili asilowe, maana maji yalikuwa yanatiririka kutoka darini. Alikuwa na nia njema mtoto yule. Leo anaongoza zamu.

4. Mstari mwekundu wa juu, mwisho wa kupanga mzigo ndani ya kontena, si pambo, usipitwe.

5. Tundu la hewa la kontena hufungwa kwa mzigo uliogandishwa na hufunguliwa kwa mazao mabichi, kwa sababu yanapumua. Na msidhani baridi zaidi ni usalama zaidi. Pilipili ikiwekwa chini ya nyuzi 7 hupata vishimo na madoa, ndizi hutaka 13 au 14. Mdogo wetu mmoja aliweka pilipili kwenye 2, kwa upendo kabisa, kama mtu anayemfunika mgonjwa blanketi. Ziliondoka zinang'aa, zikafika zina vidonda.

6. Minofu mibichi inayosafiri kwa ndege tunaihangaikia kiwandani ikae kati ya 0 na 2, halafu tunaiacha uwanja wa ndege wa Entebbe, karibu kabisa na mstari wa ikweta, palleti iko juani kando ya ndege. Dakika 40 pale zinaweza kufuta kazi ya usiku mzima. Vaeni viakisi, nendeni mkasimame na mzigo wenu mpaka uingie tumboni mwa ndege. Blanketi la foili likae juu mpaka dakika ya mwisho.

7. Dereva. Mnamkabidhi samaki wa mamilioni kisha mnampa karatasi bila hata chai. Yeye ndiye atakayelala foleni Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, jenseti (jenereta ya rifa) inakunywa dizeli usiku kucha, na akiizima ili apate usingizi hamtajua mpaka kirekodi kifunguliwe ng'ambo. Mwonyesheni kioo, mwonyesheni namba ipi ni ya kawaida na ipi ya kupiga simu. Mwambieni kwamba rifa ikijiyeyusha barafu namba hupanda kidogo kisha hushuka, asiogope. Mpigieni akifika mpakani, hata iwe saa nane usiku, mumuulize: mzee, dizeli imebaki kiasi gani, na kioo kinasoma ngapi? Subirini ashuke akatazame.