Kuuza hisa za kampuni ya mafuta kunapunguza moshi wake?

Ndugu, umeuliza kama ukiuza hisa zako za kampuni ya mafuta, itapunguza hewa ya ukaa. Moja kwa moja, hapana. Ukiziuza sokoni, anazinunua mwekezaji mwingine. Kampuni yenyewe haipotezi hata senti, na visima vinaendelea kama jana.

Athari huja kwa kuzunguka. Wauzaji wakiwa wengi mno, bei ya hisa hushuka, na kampuni ikitaka mtaji kwa kutoa hisa mpya, italazimika kutoa nyingi zaidi ili ipate fedha zilezile. Hapo miradi mipya huwa ghali. Ila wanunuzi wasiojali mazingira hawakosekani, kwa hiyo mimi siitegemei sana njia hii.

Kura ya mwanahisa ndiyo naona ina meno. Mwaka 2021 mfuko mdogo wa uwekezaji wa Engine No. 1, uliokuwa na takriban asilimia 0.02 tu ya hisa za kampuni ya mafuta ya Marekani, ExxonMobil, uliingiza wakurugenzi 3 kwenye bodi, kwa kuwa wanahisa vigogo kama BlackRock, kampuni kubwa ya uwekezaji, waliwaunga mkono. Aliyekwisha kuuza hisa zake hana kura hiyo.

Halafu chunga hili: kampuni inaweza kuuza visima vyake kwa kampuni isiyoorodheshwa sokoni, yaani ambayo hisa zake haziuzwi kwa umma. Ripoti ya kampuni iliyouza itapendeza, moshi ni uleule.