Umeazima au umekopa?

Swali: Nilimwandikia mwajiri wangu barua ya kuomba "kuazima fedha" hadi mwisho wa mwezi. Mwenzangu aliyeipitia akafuta "kuazima", akaandika "kukopa". Je, nilikosea?

Jibu: Kwa barua ya kikazi, mwenzako yuko sahihi. Angalia kitenzi kinachofuata: cha kuazima hurudishwa, cha kukopa hulipwa. Ukiazima kitabu, mwenyewe anangoja kitabu kile kile, chenye jina lake ukurasa wa kwanza, na kona uliyoikunja ataiona. Ukikopa fedha, hakuna anayengoja noti zile zile. Wahenga waliposema "nguo ya kuazima haisitiri matako", walifikiria nguo ambayo mwenyewe anaweza kuja kuidai hata kabla sherehe haijaisha. Kwenye "kukopa harusi, kulipa matanga" inayodaiwa ni thamani. Vitu vyenyewe vilishatumika. Hebu badilishana vitenzi hivyo uone methali zote mbili zinavyopwaya.

Mitaani "niazime hela kidogo" imezoeleka, nami siigombi. Nadhani watu huipenda kwa sababu haina uzito wa deni; inasikika kama jambo la siku mbili tu. Lakini mwajiri anataka kujua utalipa lini, basi mwandikie: "Naomba kukopeshwa fedha, nami nitazilipa mwisho wa mwezi."

Umeona nimeandika "kukopeshwa"? Hapo ndipo wengi huteleza. Anayekopa ni mpokeaji daima, mtoaji hukopesha. Kwa hiyo unamwambia mtu "nikopeshe", si "nikope". Azima haina ukali huo, huenda pande zote mbili. "Nimeazima kalamu kwa Asha": nimepokea. "Nimemwazima Asha kalamu": nimetoa. Kinachogeuza mambo ni kile kiambishi -m- kinachomtaja Asha kuwa mtendwa. Wanaosema "nimemwazimisha" nao hawajakosea. Jihadhari tu na "azimia", ambayo ni kukata shauri. Ukimwandikia mtu "nimekuazimia kalamu", atajiuliza umeamua kumfanya nini.

Na njiti ya kiberiti je? Inateketea, hairudi, wala hakuna atakayekudai. Sema "nipe", yaishe.

Matumizi yakiwa ya malipo, tunaingia kwenye kukodi. Mteja hukodi gari, mwenye gari hukodisha. Siku hizi utasikia "nimekodisha gari" kwa mtu ambaye yeye ndiye aliyelichukua. Kwenye soga inapita, ila kwenye mkataba inamgeuza mteja kuwa mwenye mali, na hilo likifika mbele ya wakili halitachekesha. Nyumba nazo ni vivyo hivyo: mpangaji hupanga, mwenye nyumba hupangisha.