Kilwa Kisiwani: siku moja inatosha, ila hadithi ya nguo si historia

Mkiuliza kama siku moja inatosha kuzuru Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale wa Waswahili kusini mwa pwani ya Tanzania: ndiyo, inatosha kwa magofu, simulizi na chakula, mradi mvuke kutoka Kilwa Masoko, mji ulio ng'ambo bara, asubuhi mapema. Kibali na mwongozaji hupatikana hukohuko Masoko kabla ya kupanda mashua.

Ile habari kwamba Ali bin Hassan wa Shirazi, Uajemi, alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizungushia ni ngano. Imo katika kitabu cha historia ya Kilwa kilichoandikwa karne ya 16, miaka mia kadhaa baada ya tukio lenyewe, na waongozaji huisimulia vizuri mno. Isikilizeni, ni tamu. Lakini wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta makazi ya wenyeji, wavuvi na wahunzi, ya zamani kuliko nasaba hiyo ya Washirazi. Mji haukushuka na jahazi moja.

Kilicho thabiti: Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika 1331 na kuusifu mji, na Wareno waliupora 1505. Gereza, yaani ngome mnayoiona mkishuka, ni la Waomani kwa sehemu kubwa, juu ya masalia ya ngome ya Wareno.

Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani, msiiache, hata mkichoka. Lile bwawa la pembe nane juu ya bahari peke yake linalipa safari.

Chakula agizeni kwa mwongozaji mara mnapofika, kipikwe kijijini wakati mnazunguka. Wali wa nazi na samaki haviivi kwa dakika kumi.