Anza na mnyama, uso baadaye

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtu peke yake juu ya farasi, milimani, picha ya namna hiyo tuisomeje? Anzeni kwatoni. Wengi hukimbilia uso, wakaona ushujaa, wakamaliza. Kwa mtu wa Lamu, anayepishana na punda kila uchochoro, hilo ni aibu kidogo.

Chukueni picha ya mchoraji Mfaransa Jacques-Louis David ya mwaka 1801, Napoleon, mtawala wa Ufaransa, akivuka milima ya Alps. Farasi amesimama kwa miguu ya nyuma, juu ya mawe ya mteremko. Hatamu ziko mkono wa kushoto tu. Wa kulia unaonyesha juu. Mnyama akiinuka hivyo, mpandaji humwinamia shingoni na kulegeza hatamu. Akizivuta, huenda wakaanguka chali wote wawili. Huyu Napoleon uso ametugeuzia sisi, shwari kabisa. Basi hapa hatuelezwi safari, tunaelezwa cheo.

Upepo nao unatoka nyuma, ule nahodha anaouombea, na joho limejaa kama tanga kuelekea anakoonyesha. Shukeni pembe ya chini kushoto: mwambani yamechongwa majina ya Bonaparte (ndiye Napoleon mwenyewe), na ya Hannibal na Karolus Magnus, majemadari wa kale waliovuka milima hiyo kabla yake. Na upweke? Nyuma ya farasi wamo askari, wadogo kama siafu, wakihangaika na mizinga. Upweke huo ni wa vipimo tu. Picha iliyopunguzwa pembeni ili ienee kwenye simu hupoteza majina hayo, pengine na askari pia, na tafsiri huharibikia hapo.

Rangi msizifanyie haraka. Picha hii ina matoleo matano: la Malmaison, kasri karibu na Paris, lina farasi wa mabaka na joho la manjano, la Berlin lina farasi mwekundu wa kahawia na joho jekundu. Anayesema joho jekundu ni damu, aulizwe kwanza ametazama lipi.

Kisha iwekeni kando ya ile ya mchoraji Paul Delaroche, ya 1850, iliyoko Liverpool. Mtu ni yuleyule, njia ni ileile ya Great St Bernard, mpito wa milima ya Alps, Mei 1800. Sasa amepanda nyumbu, chotara wa punda na farasi, kama alivyopanda kweli. Mwenyeji anamwongoza; Napoleon mkono wake umo ndani ya koti, uso umechoka. Ila msimwamini Delaroche kwa kila kitu, maana amechora theluji na baridi kali, ilhali siku ile ya safari hali ya hewa ilikuwa njema.

Msomaji, Lamu