Punje za povu zinapoelea kwenye zege jepesi

Swali: Ninafyatua matofali mepesi kwa saruji, mchanga na yale maboksi ya povu jeupe yanayopakiwa pamoja na vyombo vya umeme, ambayo huyasaga kuwa punje. Kila nikitetemesha kalibu, punje hupanda juu, chini hubaki zito, na uso wa juu hupukutika hata kwa kidole. Nimeongeza saruji bila mafanikio. Je, niachane na povu nitumie unga wa mbao?

Jibu: Ndugu msomaji, nakushauri usiachane na povu kabla ya kubadili namna unavyolichanganya, kwa sababu dalili ulizozieleza zinatokana na mchanganyiko na mtetemo, wala si ubovu wa taka yenyewe.

Povu hilo, yaani polistirini, lina uzito wa takriban kilo 10 hadi 30 kwa mita moja ya ujazo, ilhali uji wa saruji na mchanga unaolizunguka hukaribia kilo 2,000. Kinachozuia punje kuelea ni mnato wa ule uji pekee, yaani jinsi unavyoshikana, na uji wa majimaji hauwezi kuizuia. Ulipoongeza saruji nadhani uliongeza na maji ili koleo lipite kwa urahisi, na hapo ukarudi ulipoanzia. Mtetemo nao humalizia kazi, kwa kuwa uji unaotetemeshwa hulegea kwa muda na punje hupata njia ya kupanda. Zima mashine ya kutetemesha. Jaza kalibu kwa tabaka mbili au tatu, na kila tabaka uligandamize kwa ubao bapa.

Jambo la pili ni kwamba polistirini haipendi maji. Vunja tofali moja lililokauka ulitazame kwa karibu: ukiona vishimo laini vinavyong'aa ambamo punje zimechomoka nzimanzima, saruji haikuzishika kabisa, lakini ukiona punje zimechanika katikati, nusu huku na nusu kule, basi zilishikwa vizuri. Ninaamini kipimo hiki cha macho kuliko maelezo marefu ya fundi.

Ili zishikwe, badili mpangilio wa kuchanganya. Tia punje kwanza kwenye mashine ya kuchanganyia na theluthi moja ya maji, uzizungushe mpaka zilowe na ziache kurukaruka na kung'ang'ania kuta za chombo kama zifanyavyo zikiwa kavu. Nyunyizia sehemu ya saruji, uendelee kuzungusha hadi kila punje ivae koti la kijivu lisiloacha weupe. Baada ya hapo ndipo uongeze mchanga, saruji iliyobaki na maji yaliyobaki, kidogo kidogo. Mchanganyiko ulio tayari ukiufinyanga kiganjani hubaki donge, na hauchuruziki maji kati ya vidole. Ukiweza kupata majivu laini ya makaa ya mawe yatokayo kwenye mitambo ya kufua umeme, badilisha nayo sehemu ndogo ya saruji, maana huongeza mnato wa uji. Usitie gundi nyeupe ya mbao, kwa sababu hulegea tena tofali linapolowa.

Kwa vipimo, anza na hivi kwa mita moja ya ujazo ya zege: saruji kilo 350, mchanga mkavu kilo 400 na maji lita 160. Vitu hivyo vitatu vinachukua takriban lita 422, na hewa inayonaswa tuikadirie lita 30, hivyo punje zenyewe zinajaza lita 548 hivi. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa lita 548 ni ujazo wa punje bila nafasi zilizo kati yake. Rundo la punje kwenye ndoo huwa na nafasi tupu zinazokaribia asilimia 40, kwa hiyo utahitaji kupima zaidi ya lita 900 za rundo. Uzito wa zege bichi utakuwa karibu kilo 920, dhidi ya takriban kilo 2,400 za zege la kawaida. Pima saruji na mchanga kwa mizani, na povu kwa ndoo ya ujazo unaojulikana, kwa sababu kosa la kilo moja tu ya povu ni makumi ya lita.

Tofali la uzito huo hubeba megapaskali (kipimo cha nguvu ya kuhimili mgandamizo) chache tu, wakati zege la kawaida la majengo huwa na 20 na kuendelea. Litumie kugawa vyumba au kujaza kati ya nguzo, kamwe lisibebe sakafu wala paa. Aidha, polistirini huanza kulainika kwenye joto la karibu nyuzi 100 za Selsiasi, kwa hiyo piga plasta ya saruji pande zote mbili, na usilijengee dohani wala jiko.

Sasa kuhusu unga wa mbao. Mbao zina sukari na tanini zinazochelewesha saruji kuganda, na baadhi ya aina huizuia kabisa. Jaribu hivi: loweka unga katika maji usiku kucha, uchuje, kisha changanya saruji na maji hayo kwenye kikombe kimoja, na saruji na maji safi kwenye kingine. Kesho yake ukichoma kwa msumari utajua. Kikombe cha kwanza kikiwa bado tope, unga huo unatakiwa kuoshwa kwa maji ya moto mara kadhaa, hadi maji yatoke karibu bila rangi, au kulowekwa katika maji ya chokaa na kukaushwa. Kloridi ya kalsiamu huharakisha kuganda, ila hutafuna nondo, hivyo isitiwe penye chuma. Hata baada ya kuoshwa, unga wa mbao huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, jambo ambalo povu halifanyi. Kwa ukuta unaopigwa mvua, ningebaki na povu lako.

Fyatua matofali sita kwa utaratibu mpya, uyafunike na kuyaweka na unyevu kwa siku 7 angalau, kisha uyapeleke maabara yakagandamizwe siku ya 28.